Marafiki wa Zamani Wakikutana Harusini: Mwongozo Kamili wa Kumaliza Vinyongo Kabla ya Kufika Ukumbini

Kadi ya mchango ikishaingia mkononi, swali la kwanza ni tarehe, la pili ni nani mwingine amepewa. Mlisoma wote Azania au Jangwani, mlilala chumba kimoja hosteli za Mabibo, au mlikulia mtaa mmoja Temeke mkashindia kwa mama mmoja. Sasa mmoja wenu anaoa na kundi zima linaitwa. Ndani ya kundi hilo yumo mtu ambaye hamjasemeshana kwa miaka. Pengine mligombana waziwazi, pengine simu zilipungua taratibu mpaka zikakatika na hakuna aliyeuliza. Kwa mwezi mmoja au miwili ijayo mtakutana vikaoni, kwenye grupu la WhatsApp, kwenye sendofu, kanisani au msikitini, kisha ukumbini, na kila mahali hapo pana namna yake ya kutonesha kidonda.

Haya nayaandika kwa ajili ya watu hao, na kwa ajili ya kamati na maharusi wanaojua kuna jambo ila hawajui pa kulishikia. Msimamo wangu ni kwamba kinyongo cha marafiki kizungumzwe kabla ya harusi, na wenyewe tu, bila kuwahusisha maharusi. Nimeshuhudia watu wakiitwa mbele ya meza kuu wapatane, MC anashangilia, ukumbi mzima unapiga vigelegele, na waliokumbatiana pale wakaondoka na hasira mbili badala ya moja. Ile ya zamani ilibaki, ikaongezeka ya kuaibishwa mbele ya watu mia tatu.

Kwanza, jua mnagombea nini

Muulize mtu kwa nini haongei na rafiki yake, atakwambia "ana dharau" au "siku hizi amebadilika". Hayo hayatoshi kumwendea mtu. Chukua simu yako, uandike sentensi moja: alifanya nini, wakati gani, na mimi niliumia wapi. Ukishindwa kuiandika, bado hujawa tayari kuzungumza naye, na ni afadhali ujue mapema.

Kwa watu wa Dar vyanzo ni vilevile. Kuna pesa: mkopo usiorudi, mtaji wa kufungua duka Kariakoo ulioyeyuka, kodi ya miezi sita mliyolipa pamoja mkiwa geto, mwenzako akahama mwezi wa pili. Kuna mapenzi. Kuna kuachana kimaisha, mmoja amejenga Goba na mwingine bado anapanga Mbagala, na utani uleule wa zamani leo unasikika kama kejeli. Kisha kuna msiba.

Msiba ndio unaokaa moyoni kuliko vyote, na ndio watu wanaoona haya kuutaja. Deni mtu atalitaja hata baa, tena kwa sauti. Lakini kusema "nilimzika mama, na wewe hukuja" kunahitaji moyo, kwa sababu ni kukiri kwamba ulimsubiri. Mfiwa anakumbuka kila kitu: nani alikesha chini ya turubai, nani alibeba viti, nani alifika siku ya matanga, nani alituma rambirambi na nani hakutuma hata neno. Na yule asiyefika, mara nyingi hakuwa na ubaya. Alisikia kwa kuchelewa, au hakuwa na nauli ya kusindikiza mwili Bukoba, akaona aibu kwenda mikono mitupu. Wiki ikapita, aibu ikakua. Baada ya mwaka akawa anakwepa hata njia ya kwao.

Kama kinyongo chenu ni hiki, dawa yake haina njia ya mkato: aliyekosa aende nyumbani kwa mfiwa kutoa pole, hata kama imepita miaka mitano. Aende nyumbani hasa, asipange kukutana naye mjini. Avae kwa heshima, abebe chochote, sukari na mchele au bahasha ndogo. Akishakaribishwa na kukaa, aulize marehemu aliuguaje, kisha anyamaze asikilize mpaka mwisho bila kutazama simu. Kama kaburi liko Kinondoni au Kisutu na mwenyewe yuko radhi, waende wote wawili. Ukifanya hivyo huhitaji kikao cha usuluhishi wala mtu wa kati.

Deni linahitaji mambo mawili tu: kiasi na tarehe. Kubalianeni ni shilingi ngapi, maana baada ya miaka kila mmoja ana hesabu yake, kisha mdaiwa ataje siku atakayoanza kulipa na alipe japo kidogo kabla ya harusi. Elfu ishirini inayoingia kwa M-Pesa siku iliyoahidiwa inatuliza kuliko maneno ya saa nzima. Kuna jambo moja nalikataza kabisa. Utasikia mtu anasema, "Bwana harusi namdai laki tatu, basi hiyo ndiyo mchango wangu." Kama unataka kumsamehe deni, msamehe mwenyewe kwa faragha na litakuwa jambo jema sana. Usimwambie mhazini. Kamati inahitaji fedha ya kumlipa mpishi, na ukishatamka deni la bwana harusi kikaoni umemvua nguo mbele ya wakwe.

Kwenye mapenzi nitasema machache. Kama anayeoa au anayeolewa aliwahi kuwa wako na moyo haujapoa, toa mchango, tuma salamu za heri, usiende. Kama unaamini kuna kizuizi cha kweli, kwa mfano mmoja wao yumo katika ndoa ya mke mmoja ambayo haijavunjwa, njia ipo: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa angalau siku 21 kabla, na makanisa mengi hutangaza ndoa Jumapili tatu. Siku hizo ndizo za kupeleka pingamizi, kwa msajili au kwa kiongozi wa dini, ukiwa na ushahidi. Kama huna ushahidi una maumivu, na maumivu yanataka kusikilizwa na mtu anayekupenda, nyumbani kwako.

Ikiwa shida ni kwamba rafiki yako alimuoa uliyekuwa unamtaka wewe, basi mkikutana anza na huyo mke. Msalimie mbele ya mumewe: "Shemeji, habari za siku, watoto hawajambo?" Ukimwita shemeji bila kusita, mumewe atakuwa ameelewa umefika wapi.

Grupu la kamati na orodha ya ahadi

Hapa ndipo vinyongo vingi vinapoanza kutoa kichwa, na sababu yake ni ile orodha. Saa tatu usiku katibu anabandika: namba, jina, ahadi, alicholipa, kilichobaki. Namba 14 ameahidi laki mbili, amelipa elfu hamsini. Haupiti muda mtu anaandika, "Wengine ahadi zao tunazijua toka chuo." Hakutaja jina. Watu sita wanaweka vicheko. Namba 14 anaandika, anafuta, anaandika tena, mwisho anajiondoa kwenye grupu. Mtu aliyekuwa tayari kuja na gari lake kubeba vyakula ametoka, na bwana harusi anajua asubuhi akiwa kazini.

Wewe uliyechomwa, usijibu grupuni. Weka simu chini, kesho mpigie mwenyekiti, mweleze kwa utulivu kwamba neno lile limekuumiza na utalipa tarehe fulani. Wewe mwenyekiti, futa ujumbe ule kama unaweza na umpigie aliyeandika usiku uleule. Usimkemee mbele ya wote, maana naye atatafuta wa kumtetea na grupu litagawanyika pande mbili.

Nawashauri makatibu wabadili utaratibu huu kabisa. Bandikeni majina ya waliomaliza tu, pamoja na shukrani. Wanaodaiwa mhazini awakumbushe mmoja mmoja kwa simu. Fedha itaingia ileile, pengine zaidi, kwa sababu mtu aliyepigiwa kwa heshima hujitutumua.

Kwa mwenye kinyongo, ahidi kiasi unachokiweza na ukilipe mapema. Elfu hamsini iliyokamilika wiki ya pili inakupa uhuru wa kukaa kikaoni ukiwa umenyoosha shingo, na laki mbili ya mdomoni inakupa wasiwasi mpaka siku ya ukumbi. Tuma kwa namba yako mwenyewe ili jina lionekane ni lako, na usiufute ujumbe wa muamala.

Hilo la jina si dogo. Lawama ya "mimi nilimchangia harusi yake, yeye yangu hakunichangia" imevunja makundi mengi, na ukifuatilia unakuta mwenzako alitoa, ila alimpa mtu mkononi "kamfikishie", au alituma kwa simu ya shemeji yake na mhazini akaandika jina la shemeji. Kabla hujaendelea kumnunia mtu kwa sababu ya mchango, mtafute aliyekuwa mhazini wako wakati ule umuulize. Kama daftari halipo tena, muulize mwenzako kwa upole: "Hivi ule mchango wangu ulimpa nani?" Swali hilo linamwachia nafasi ya kujieleza.

Kumtafuta mwenzako

Wakati mzuri ni wiki mbili au tatu kabla ya harusi. Mapema zaidi mtu ataona humaanishi, na wiki ya mwisho kila mtu ana presha ya suti, saluni na foleni.

Piga simu. Ujumbe wa maandishi husomwa kwa sauti ya hasira ya msomaji, na ujumbe wa sauti husambazwa. Kama ana kawaida ya kutopokea simu yako, tafuta mtu wa kati. Asiwe bwana au bibi harusi, asiwe mke au mume wa mmoja wenu, asiwe yule anayependa habari. Tafuta aliyekuwa akiheshimika na wote: kiranja wa zamani, mliyelala naye chumba kimoja, dada mkubwa wa mtaani. Mtani naye anafaa sana. Mnyamwezi anaweza kumwambia Mzaramo, au Mpare akamwambia Mchaga, neno ambalo likitoka kwa mwingine lingekuwa tusi. Atacheka, na akicheka amelisikia. Kazi ya mtu wa kati iishie kwenye kuwakutanisha. Akianza kupeleka maneno huku na kule, ugomvi unapata mlango wa tatu.

Maneno ya simu yawe mafupi. Kwa wanaume wawili waliosoma pamoja yanaweza kuwa hivi:

"Kaka, habari za siku nyingi. Najua tulivyoachana, na sijapiga kubishana. Harusi ya mwenzetu imefika, sitaki tukutane pale kama hatujuani. Naomba Jumamosi asubuhi tunywe chai, nina neno lako nataka nikwambie mwenyewe."

Kwa wanawake, hasa pale ambapo kinyongo ni kwamba rafiki mpya amechaguliwa kuwa mpambe na wa zamani ameachwa:

"Shoga yangu, nimekaa na hili jambo moyoni nikaona si vizuri nilibebe mpaka kwenye sendofu. Niliumia, sikufichi. Ila sitaki kukuharibia siku yako. Ukipata nafasi nije kwako tuongee, mimi na wewe tu."

Huyu wa pili anazungumza na bibi harusi mwenyewe, na ni mahali pekee ninapokubali mhusika wa harusi aguswe, kwa sababu yeye ndiye aliyechagua. Hata hivyo, usimwombe abadilishe. Mpambe ameshashona nguo, na ukimlazimisha utakuwa umeanzisha ugomvi wa pili na mtu asiye na kosa. Mwombe kitu kingine cha heshima: kusoma somo kanisani, kumfunga khanga siku ya kicheni pati, kusimama naye kwenye hina. Bibi harusi mwenye busara atakuwa ameshakifikiria kabla hujaomba.

Mahali pawe kimya na pasiwe na pombe. Mgahawa wa chai na chapati saa nne asubuhi unafaa, ufukweni Coco kabla watu hawajajaa panafaa, na nyumbani kwa mtu wa kati panafaa zaidi. Mwezi wa Ramadhani, baada ya futari ni wakati mzuri sana. Aliyeomba kuonana ndiye asafiri. Kama wewe uko Kigamboni na mwenzako Tegeta, vuka wewe, uondoke mapema, kwa sababu ukimfanya mtu akae saa mbili kwenye foleni ya Mwenge aje kusikiliza samahani, atafika akiwa ameshachemka.

Mkikaa, salamu zisikatwe. Ulizaneni wazazi, watoto, kazi. Kisha aliyeita aanze, na aanze na upande wake mwenyewe. Taja kosa kwa jina: "Naomba radhi kwa kuwa nilichukua ile fedha ya mtaji nikalipia ada ya mdogo wangu bila kukwambia." Achana na "kama nilikukosea, nisamehe". Neno "kama" linamrudishia mwenzako kazi ya kukuthibitishia kwamba aliumia, wakati umekuja kwa sababu unajua.

Ukimaliza, nyamaza. Hapa wengi huharibu. Mwenzako ataanza kutoa yake, na yatatoka mengi, mengine ambayo wewe unaamini hayakutokea hivyo. Usimsahihishe tarehe. Usilete "hata fulani alishaniambia kuhusu wewe", maana ukimtaja fulani mtakuwa mnamjadili asiyekuwepo. Akimaliza, rudia kwa maneno yako ulichosikia, umuulize kama umemwelewa. Kisha ndipo useme lako lililobaki.

Anaweza kukwambia, "Nimekusikia, ila bado sijawa tayari." Pokea hivyo hivyo. Usimlazimishe mkono, usimwambie "yaliyopita si ndwele", kwa sababu methali ikitoka mdomoni mwa aliyekosa inakuwa amri. Mtu aliyeumizwa ndiye mwenye haki ya kuitamka.

Kabla hamjaachana, kubalianeni mtawaambia nini wengine. Watauliza tu. Sentensi moja inatosha: "Tumeongea, tuko sawa." Asiongeze mtu neno.

Kama hamkufika huko

Basi pataneni kwa muda. Ombeni mambo madogo: tutasalimiana, hatutarushiana vijembe, tutapiga picha ya kundi pamoja, hatutakaa meza moja. Mtu yeyote mzima anaweza kuyatimiza kwa siku moja. Mjulisheni mwenyekiti au mtu wa ukaribishaji, asibahatishe kwenye viti.

Kamati nayo ina kazi hapa. Meza za ukumbini huwa za watu wanane au kumi. Watenganisheni kwa meza mbili, kila mmoja akae na watu wake, na pasiwe na meza ya mwisho nyuma ya spika ambayo mtu ataiona ni ya kutupwa. Mpeni MC majina ambayo hayatakiwi kuitwa pamoja. MC asiyeambiwa ataita "marafiki wote wa bwana harusi wa chuo, twende kazi!" na kuwapanga wawili wawili wacheze wakipeleka zawadi. Kama kundi limenunua friji au seti ya makochi kwa pamoja, teueni msemaji mmoja, aandike maneno yake, na maiki isipite kwa mwingine. Tena msemaji asiwe aliyechangia zaidi, awe anayependwa na wote.

Sare nayo hutia watu kwenye uadui wa bure. Mtu ametangaziwa kitenge au dera kwa bei ambayo hana, akavaa nguo yake, kisha akaambiwa atoke kwenye picha. Kamati itangaze rangi tu, aliye na uwezo wa kitambaa ashone, asiye nao avae rangi.

Sendofu, kicheni pati na shughuli za uswahilini

Kwenye shughuli za wanawake kijembe kina vyombo vyake. Khanga inazungumza. Mtu akikupitia mara tatu amejifunga "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu", maandishi yakiwa wazi nyuma, hahitaji kufungua mdomo. Taarabu ikipigwa kuna anayenyanyuka na noti kwenda kutunza, akafika kwenye ubeti unaomfaa akageuka kukutazama, akapunga noti taratibu kabla hajaiweka. Watu wote wameona, na wanakusubiri wewe.

Usinyanyuke. Ukienda kutunza ubeti wa kumjibu, umekubali shindano na shughuli ya mwenzako imekuwa yenu. Endelea kula, ongea na jirani yako, au nenda jikoni ukasaidie kupakua pilau. Jikoni kazi haiishi na hakuna atakayekuuliza umefuata nini. Somo au shangazi mwenye busara akiona hali hiyo humwomba mpiga muziki abadilishe wimbo. Wewe uliye karibu naye mnong'oneze.

Saa za katikati

Watu wengi hulinda ukumbi wakasahau pengo hili, na kwa macho yangu ndipo kunapoharibika kuliko popote. Ibada imeisha saa tisa alasiri. Maharusi wamekwenda kupiga picha. Ukumbi unaanza saa moja usiku, kwa maana ya kadi. Watu wanajua ni saa mbili. Kurudi nyumbani Kimara au Gongo la Mboto kisha kurudi tena haiwezekani kwa foleni. Kwa hiyo kundi zima la marafiki, limeshavaa suti, linaingia baa Sinza au Mwenge kusubiri. Mishikaki inaagizwa, chupa zinafunguliwa, na hadithi za chuo zinaanza. Mwanzo ni kicheko. Kufikia saa kumi na mbili kuna anayesema, "Lakini ile siku wewe ulinifanyia ubaya," na sasa hayupo mwenyekiti, hayupo MC, hayupo mzazi wa kumwonea haya.

Pangeni saa hizo mapema. Kamati inayoweza ikodi Coaster iwachukue marafiki kanisani iwapeleke nyumbani kwa mmoja wao aliye karibu na ukumbi, pawe na chakula kizito, maji na soda, watu wapumzike na wabadili viatu. Kama baa haikwepeki, anzeni na chakula na mpangieni mtu mmoja asiyekunywa kazi ya kuangalia saa. Wawili wenye jambo lao wapewe kazi tofauti kabisa: mmoja akasimamie vinywaji kufika ukumbini, mwingine awapokee wageni wa mkoani Stendi ya Magufuli kule Mbezi au stesheni ya SGR. Mtu mwenye jukumu hana muda wa kukumbuka ya mwaka juzi.

Kwa ndoa ya Kiislamu pengo hili huwa dogo, kwani baada ya nikah watu hula pilau au biriani pale pale na wanaume wengi huondoka. Hatari yake huwa usiku uliotangulia, kwenye kukesha na kupika.

Moto ukiwaka

Sauti zikipanda, fanya haraka na kwa utulivu. Watu wawili, wasiozidi, kila mmoja amchukue mmoja, wa karibu naye, wamtoe nje kwa sababu ya kawaida: "Kaka, njoo unisaidie na gari." Usimshike shati, usimwambie "tulia" mbele ya watu. DJ apandishe muziki, MC aite jambo linalogeuza macho, keki au ngoma. Simu zinazorekodi ziombwe kwa heshima zishushwe. Nje, usianze kusuluhisha, mpe maji, mwache aongee. Aliyelewa apelekwe nyumbani na mtu anayemjua mpaka mlangoni. Maharusi wasiambiwe usiku huo, hata kidogo.

Baada ya harusi

Kikao cha kuvunja kamati kina hesabu, nyama na bia, na watu wamechoka. Mhazini asome mapato na matumizi yaliyoandikwa, salio lijulikane, watu wapongezane. Ikiwa kuna aliyevuruga ukumbini, asisemwe pale. Mwenyekiti amfuate siku nyingine.

Wale waliopatana kwa muda wana wiki mbili nzuri baada ya harusi, wakati picha bado zinarushwa grupuni na mioyo ni laini. Mtumie mwenzako picha mliyopiga pamoja, bila maneno mengi: "Nimeipenda hii." Akijibu, omba ile chai iliyoshindikana. Anayerudi Mwanza au Arusha, msindikize stendi kama unaweza, kwa sababu nusu saa ya kusubiri basi mkiwa wawili inafungua mambo ambayo kikao hakifungui.

Mkishaelewana, mpigieni simu aliyewakutanisha, wote wawili, mumweleze mmefikia wapi. Kama kuna deni lililobaki, mtajieni kiasi na tarehe ya kulimaliza.